Kijiko Kilichokatwa Kichwa

Poni alinipigia simu nikiwa kwenye mizani. Mteja wangu, mama mwenye hoteli ndogo hapa Gudele, Juba, alikuwa anangoja simsim yake, na mimi sipokei simu katikati ya kupima, hata apige waziri. Lakini Poni alipiga tena, akapiga tena, nikajua hii si salamu. "Mama Keji," akasema, "Madam Kageha ametuacha. Binti yake ameniandikia. Wameshamzika, kwao Maragoli." Nikamwambia, "Ngoja." Nikamaliza kupima simsim, nikafunga mfuko, nikamshukuru mteja, ndipo nikakaa juu ya gunia la mahindi na kuishika simu tena. Poni alikuwa bado ananingoja. Hakuniuliza kwa nini nimemngojesha. Anajua. Huyo aliyekufa ndiye aliyetufundisha kwamba kazi ya kupima haikatizwi, hata kwa kilio. Tukakubaliana tukutane Jumamosi nyumbani kwa Poni, Kator, tunywe chai kwa ajili yake, maana matanga ya Kenya yalikuwa yametupita.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikikumbuka mwaka mmoja tu. Habari za wazazi wangu, za vita, za jinsi tulivyofika Kenya na jinsi tulivyorudi, wapo waliosoma watakaoziandika, mimi sizigusi. Mimi nilifika darasa la nne nikatoka. Kila nilicho nacho leo, stoo hizi, lori linalopita Nesitu likitoka mpakani, nyumba ya matofali, nimekipata kwa mikono hii, na nasema hivyo bila aibu. Lakini mikono hii ilinyooshwa na mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa mfupi kama kinu. Watu husema ujana ni miaka ishirini. Wangu ulinijia nimeshapita thelathini, mjane mwenye watoto, nimerudi Juba juzi tu na sijui hata njia ya kwenda mtoni. Mwaka huo nilikuwa nacheka kama msichana. Sikuwahi kucheka hivyo kabla yake, na baada yake nilikuwa na shughuli nyingi mno.

Tulipanga katika uwanja mmoja kule Kator, vyumba vya udongo vilivyozunguka jiko moja la pamoja, na ukuta wa matete kati yetu na barabara. Poni alikaa chumba kinachotazamana na changu. Alikuwa amekulia Kenya kama mimi, Kiswahili chake cha mjini kikikimbia kuliko miguu yake, na alikuwa na mimba. Mumewe alikuwa dereva wa malori, mtu wa kuonekana mara chache. Aliyeonekana kila saa ni mama mkwe wake, ambaye uwanja mzima tulimwita Haboba, yaani bibi, kwa Kiarabu cha hapa. Haboba hakuwahi kukimbia Juba hata siku moja. Alitutazama sisi tuliorudi kama wageni waliokuja kulala na kuondoka, lakini alitulisha kana kwamba tumezaliwa tumboni mwake. Asubuhi alisonga asida, ugali wa hapa, akaimwagia mchuzi wa bamia kavu na samaki, na mtu akisema ameshiba humwongezea pale pale. "Sahani inayoonekana chini ni sahani ya msiba," alikuwa anasema. Alitia chumvi kwa kiganja, sukari kwa kiganja, na chai yake ungeweza kusimamisha kijiko ndani.

Mimi niliuza nafaka sokoni kwa malwa. Malwa ni bati la kupimia, kama gorogoro ya Kenya, na kila mtu anajua hila zake: wapo wanaoligonga kitako mpaka liingie ndani, wapo wanaotumbukiza dole gumba wakati wa kupima. Langu lilikuwa limenyooka. Na juu ya hapo, nikishalijaza, nilimwaga tena mpaka nafaka ikapanda kama kichuguu na kuanza kuporomoka pembeni. Hicho ndicho kichwa, au ras, kama wanavyosema sokoni. Mteja akikuta malwa imekatwa sawa na ukingo, atauliza kwa sauti wote wasikie, "Ras wen?" Kichwa kiko wapi? Na hiyo ni aibu, kwa kuwa kipimo kisicho na kichwa ni kipimo cha mwizi au cha mchoyo. Kwangu hakuna aliyeuliza. Waliniita Mama Ras, na nililivaa jina hilo kama kitenge kipya.

Siku moja akaja mwanamke mfupi, miwani shingoni kwa kamba, mfuko mkubwa begani. Akataka maharagwe ya malwa moja. Nikampimia na kichwa chake. Badala ya kuondoka akachomoa kwenye mfuko mizani ya kuning'iniza, ile wanayopimia watoto kliniki, yenye kisuruali cha kitambaa. Akaitundika kwenye mti wa kibanda changu bila kuniuliza. Akayatia maharagwe yangu ndani ya kile kisuruali, miguu miwili ya maharagwe ikaning'inia, na soko lote likageuka kutazama. Nikajua amekuja kunivunjia jina. Nikasimama, mikono kiunoni.

"Mama, unatafuta nini hapo? Kama una shaka na bati langu, bati hili."

"Sina shaka na bati," akasema, macho kwenye sindano ya mizani. "Nipimie tena."

"Nikupimie tena ulipe tena."

"Nitalipa. Pima."

Nikapima nyingine. Akaitundika. Akataka na ya tatu, nikampimia. Kisha akanigeukia kwa uso wa mtu aliyepata ugonjwa aliokuwa anautafuta. "Malwa zako tatu hazilingani hata mbili. Wewe una mkono mzuri na moyo mzuri, na unajiibia kila siku. Kichwa cha kwanza ulikuwa unacheka, kikawa kikubwa. Cha pili umekasirika, kikapungua. Cha tatu unaniogopa. Mteja wako hanunui maharagwe, ananunua hali yako ya moyo."

Wanawake wa jirani waliangua kicheko. Mimi nikamjibu, "Na wewe ukinunua mchicha unaupima na nini, kipimajoto?" Wakacheka tena, kwa upande wangu safari hii, na yeye akacheka kuliko wote, akashika mbavu. Hapo ndipo nilipompenda, ingawa sikumwambia mpaka amerudi kwao. Huyo ndiye Madam Kageha, nesi kutoka Kenya, amekuja kufundisha wahudumu wa afya wa mitaani kwa mwaka mmoja. Aliniambia nije darasani. Nikamwambia sikusoma. Akasema, "Sijakuuliza ulichosoma. Nimekuona ukipima."

Chumba cha darasa kilikuwa nyuma ya kanisa, bati juu, madirisha yasiyo na vioo, na mchana kilikuwa cha moto kiasi kwamba Madam alikitumia kama somo. Tulifundishwa kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza kilikuwa kizito kwa wengi wetu na Kiarabu cha Juba kilikuwa kizito kwake. Na kila mtu alikuja na Kiswahili chake. Taban, aliyekulia Uganda, mrefu, mpole, aliyekuwa anatengeneza baiskeli, alisema siku ya kwanza, "Madam, mimi iko na homa kwa sababu ya hii chumba." Madam akamwekea kipimajoto kwapani, akangoja, akakisoma. "Huna homa. Una joto la chumba na uvivu. Halijoto ya mwili wako ni ya mtu mzima kabisa." Akatuandikia neno hilo ubaoni, halijoto, na akatueleza kwamba homa ni neno la mgonjwa, anaweza kulisema kwa kuwa anaumwa kichwa au hataki kazi, lakini halijoto ni neno la kipimajoto, na kipimajoto hakina mama mkwe wa kumwonea haya. Taban akasema, "Basi kipimajoto iko na bahati."

Hivyo ndivyo alivyofundisha. Kila neno alilileta na chombo chake mkononi, halafu na kichekesho chake, na mpaka leo siwezi kulisahau moja bila la pili. Ujazo aliuleta kwa vyombo vya jikoni kwetu. Alituagiza kila mmoja aje na kikombe anachokiita kikombe, akamimina maji ya kikombe kimoja ndani ya kingine mbele yetu, yakafurika huku, yakapotea kule, na mwisho akauliza, "Sasa mgonjwa nimemwambia anywe vikombe viwili. Amekunywa ngapi?" Uzito aliufundisha kwa kumbeba mtoto mkono mmoja na mfuko wa unga mkono wa pili na kutuambia tukadirie. Mimi nilikadiria unga barabara, maana ndio kazi yangu, na mtoto nikamkosea vibaya. "Kadirio ni zuri," akasema, "kwa kitu ulichokizoea. Ugonjwa haujakuzoea." Mapigo ya moyo tulijifunza kwa kushikana vifundo vya mikono, na siku hiyo Taban aliushika mkono wangu akasahau kuhesabu. Sitaeleza zaidi. Yeye ana mke na mimi nina wajukuu.

Tulichogombania ni kijiko. Alikuwa anatufundisha maji ya kumpa mtu anayeharisha: lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Alichota sukari, akatoa kwenye mfuko wake kisu cha mezani kisicho na makali, akapitisha mgongo wa kisu juu ya kijiko, na sukari ya juu ikaanguka. Mimi sikuweza kunyamaza. "Madam, hicho kijiko umekinyima."

"Nimekisawazisha."

"Umekikata kichwa. Kwetu hicho ni kijiko cha mchoyo. Mtoto anaumwa, unampimia kama unamdai?"

Wenzangu wakaitikia, ndiyo, ndiyo, hata Taban. Madam aliweka kisu mezani na kuvua miwani. Alisema jambo ambalo nimewaambia watu wengi tangu siku ile. "Mama Keji, mwili si mteja. Mteja ukimzidishia anafurahi. Mwili ukiuzidishia unaumia. Chumvi ikizidi hainyweshi mtoto, inamvuta maji yaliyobaki ndani yake, kama unavyomkausha samaki. Utamkausha mtoto wako kwa mkono wa ukarimu." Kisha akaleta dawa ya mashaka yetu: ukishachanganya, onja kabla ya kumpa mtoto. Yasiwe na chumvi kuliko machozi. Yakizidi machozi, mwaga. Hapakuwa na mtu pale ambaye hakujua ladha ya machozi.

Nilielewa, lakini sikukubali moyoni. Niliporudi uwanjani nilimsimulia Poni kama kichekesho, yule mwanamke mfupi anayetembea na kisu kwenye mfuko kukata vichwa vya vijiko, na Poni akacheka mpaka akashika tumbo lake kubwa. "Aki huyo Madam! Sasa akija kula kwa Haboba si atakufa?"

Na alikuja kula kwa Haboba, mara nyingi. Poni alipojifungua Wani, Madam alikuwa anapita kumpima, na kila mara yalikuwa maneno. Haboba hakutaka mjukuu wake atiwe kwenye kile kisuruali. "Mnamtundika mtoto kama nyama ya soko! Mtoto hapimwi. Ukimtaja ukubwa wake, unamwita anayetaka kumchukua." Madam hakubishana naye. Alikaa, akala asida yake yote, akaongezewa, akala, na Haboba alipokuwa anaosha mikono, Madam alimtundika Wani haraka, akasoma sindano, akamshusha. Haboba alijua. Alikuwa anaosha mikono muda mrefu makusudi. Nyuma ya ukuta wa matete niliwasikia jioni moja, Haboba akimwuliza Madam, kwa Kiswahili chake cha kuokota, "Wewe, mtoto wako nani analisha huko Kenya?" Madam akajibu, "Mama yangu." Nikasikia sahani ikivutwa. "Kula," akasema. "Mama yako atalisha yeye, mimi nitalisha wewe."

Mvua za mwaka huo zilipokuja, maji ya chooni na maji ya kisimani yalikutana, na kuharisha kukaingia mtaani. Madam alisimama bombani asubuhi nyingi akiwafundisha akina mama yale maji ya sukari na chumvi. Haboba naye alikuwa anakwenda, anasimama nyuma, mikono kifuani, kama mtu asiyesikiliza. Kisha Madam akaitwa Nesitu, kwa watu wa kando ya barabara kuu, ambako hali ilikuwa mbaya zaidi. Aliondoka asubuhi. Mvua ikanyesha, kijito kati yetu na kliniki kikajaa, na siku iliyofuata, mchana, nilirudi kutoka sokoni nimelowa, nikakuta uwanja umenyamaza. Uwanja wetu haukuwahi kunyamaza mchana.

Poni alikuwa amekaa mlangoni na Wani mapajani. Mtoto alikuwa anaharisha tangu alfajiri. Macho yameingia ndani, utosi umedidimia, na nilipomfinya ngozi ya tumbo ilibaki imesimama kidogo kabla ya kulala, kama kitambaa. Alikuwa analia, sauti ndogo kama ya kifaranga, na mashavu makavu. Analia bila machozi. Neno la Madam likanijia zima zima: upungufu wa maji mwilini. Darasani lilikuwa neno refu la kuchekesha ulimi. Pale lilikuwa na uso.

Haboba alikuwa amepiga magoti mbele yake na kikombe. "Nimefanya," akaniambia. "Yale maji ya Madam. Nimesikia yote bombani. Sukari, chumvi, maji." Na kweli alikuwa amesikia, ila mkono ulikuwa wake. Sahani ya chumvi ilikuwa pale chini na kijiko kimesimama ndani, kimejaa, kina kichwa kirefu. Nikakiomba kikombe. Nikaonja. Yalikuwa kama maji yaliyooshewa samaki wa chumvi.

"Ameshakunywa?"

"Bado," akasema Poni. "Anakataa mdomo."

Nikayamwaga.

Wewe msomaji unayeketi penye kiti huwezi kujua ni kitu gani kumwaga chakula cha mwanamke mzee mbele ya mkwe wake, katika uwanja wake, watu wote wakitazama. Haboba aliinuka polepole. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. "Ya biniya," akaniambia, ewe msichana, mimi mwenye watoto. "Umemwaga mkono wangu. Nimelisha watoto wako kwa mkono huu."

"Haboba, chumvi imezidi. Itamkausha."

"Imezidi! Ugonjwa mkubwa hivi, unataka dawa ndogo? Wewe, Mama Ras? Wewe unayemimina mpaka inamwagika, leo umekuwa mchoyo wa chumvi kwa mjukuu wangu?" Akina mama wa vyumba vingine walikuwa wameshatoka. Mmoja akasema, "Hata mimi naona, mtoto anyimwe?" Mwingine akasema Madam mwenyewe hayupo, nani ajue. Na Poni alinitazama mimi, akamtazama mama mkwe wake, akanitazama mimi. Mtoto alikuwa wake. Nyumba ilikuwa ya Haboba. Na mimi nilikuwa mwanamke wa darasa la nne niliyekuwa nimewachekesha wote, wiki nzima, juu ya kijiko kilichokatwa kichwa.

"Mama Keji," Poni akasema, "una uhakika?"

Ningekuwa nimekadiria ningesema sijui. "Nipe chupa ya lita," nikamwambia. "Na kisu."

Nikachukua maji yaliyochemshwa kutoka kwenye birika la Haboba mwenyewe, yalikuwa yamepoa. Nikajaza chupa mpaka shingoni, pale tulipoonyeshwa. Nikachota sukari, nikapitisha mgongo wa kisu. Mikono yangu haikutaka. Nakuambia kweli, kidole changu cha shahada kilikuwa kinavuta kuongeza kidogo tu, kwa ajili ya Poni, kwa ajili ya Mungu. Nikakata kila kimoja. Chumvi nikaikata, kisha nikaigawa katikati kwa ncha ya kisu na kurudisha nusu. Nikatikisa. Nikaonja, nikajua. Lakini kujua kwangu hakungetosha. Nikamimina kidogo kwenye kikombe kile kile, nikapiga magoti, nikampa Haboba kwa mikono miwili.

"Onja, Haboba. Madam alisema yasizidi chumvi ya machozi. Mimi siwezi kukuhukumu. Pima wewe."

Alikuwa analia muda wote, mzee yule, bila sauti, kwa hasira na kwa hofu. Akakitazama kikombe. Kisha akapitisha kidole kwenye shavu lake mwenyewe, akakitia mdomoni. Akangoja, kama mtu anayengoja kipimajoto. Akachovya kidole kile kikombeni, akaonja. Akarudia shavu, akarudia kikombe.

"Kalas," akasema, yaani basi. "Ni sawa." Akakaa chini, akanyoosha miguu, akamchukua Wani kwa Poni, akamlaza mkononi, na kuniambia bila kunitazama, "Lete kijiko. Kijiko, si kikombe. Hawezi kikombe."

Alimnywesha mchana kutwa, tone kwa tone, akitapika anangoja kidogo, anaanza tena. Tulipotaka kumpokea alikataa. Poni alikuwa anamkanda mgongo, mimi nilikuwa nachanganya chupa nyingine, na kila chupa Haboba aliionja kwanza, shavu, kikombe, ingawa mashavu yake yalikuwa yameshakauka na nadhani alikuwa anaonja kumbukumbu tu. Jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye matete aliposhtuka na kujitazama. Lawa yake, ile nguo anayofunga begani, ilikuwa imelowa kuanzia paja. "Amenikojolea!" akapiga yowe. "Amenikojolea, mtoto huyu, amenikojolea!" Sijawahi kusikia mkojo ukipigiwa vigelegele namna ile. Vilikwenda nyumba hadi nyumba. Watu wa barabarani walidhani kuna harusi. Wani aliogopa kelele akalia, na safari hii kwenye pembe ya jicho lake pakatoka kitu kinang'aa. Haboba akaramba. "Ni sawa," akasema tena, na hapo Poni akaanguka kifuani kwake.

Kijito kilipopungua Taban alikuja na baiskeli yake, akampakia Poni na mtoto, akawasukuma mpaka kliniki. Nesi wa huko akauliza nani alichanganya maji. Poni akasema, "Jirani yangu. Na Haboba alipima."

Madam aliporudi kutoka Nesitu, amekonda, matope hadi magotini, hakunisifu. Alikaa jikoni, akapewa sahani, akaniuliza swali moja: "Ulipima au ulikadiria?" Nikamwambia nilipima. Akaitikia kwa kichwa, akala. Haboba akamwambia, kwa kujivuna, "Mimi ndio kipimajoto cha hii nyumba." Madam akamjibu, "Nilijua tangu mwanzo, ndiyo maana nilikuwa nakula sana, nisikuudhi."

Mtihani wa mwisho wa darasa ulikuwa wa kuandika, na mimi sikuupita. Taban aliupita, akawa mhudumu wa afya wa mtaa mpaka nywele zake zikageuka mvi. Mimi nilirudi sokoni. Sijuti hata kidogo. Nilinunua mizani, ya kwanza kwenye mstari wetu, nikapima kilo, wateja wakacheka, "Mama Ras ameuza kichwa chake," kisha wakaona kwamba leo na kesho ni sawa, nikicheka na nikinuna ni sawa, wakabaki. Haya yote unayoyaona Gudele yalianzia hapo. Wenye digrii huniuliza nilisomea biashara wapi. Huwaambia Kator, kwa mwanamke mwenye kisu kisicho na makali.

Jumamosi tulikutana. Poni ana nyumba ya bati jipya pale pale, uwanja ule ule, matete yamekuwa ukuta. Haboba tulimzika miaka iliyopita, amelala kwa watu wake. Taban alikuja kwa boda, analalamika magoti. Tulisali, tukasimuliana, Taban akaiga sauti ya Madam, "Una joto la chumba na uvivu," tukacheka, na kati ya kicheko na kicheko kulikuwa na nafasi ya mtu ambaye hayupo. Hatukulia. Nilidhani tumeshazeeka mno kwa kazi hiyo.

Wani ndiye aliyetuletea chai. Ni mwanamume mrefu sasa, anafanya kazi kwenye hoteli moja ya mjini, anazungumza na wageni kwa lugha nne, na bado anainama akiingia mlangoni mwa mama yake. Akaweka sinia, akaniuliza kwa adabu, "Mama Keji, vijiko vingapi?" Nikamwambia viwili. Akachota sukari. Akachukua kisu cha siagi kilichokuwa kwenye sinia, akapitisha mgongo wake juu ya kijiko, sukari ya juu ikarudi bakulini, akamimina kikombeni. Akachota cha pili, akakata. Hakuwa hata anatazama. Alikuwa anamsikiliza Taban.

Poni naye alikuwa anakitazama kile kijiko.

"Wewe," nikamwambia, "nani alikufundisha hivyo?"

"Hivyo vipi?"

"Kukata kijiko."

Akakitazama kisu mkononi kama mtu aliyeulizwa nani alimfundisha kutembea. "Haboba," akasema. "Alikuwa ananipiga kofi nisipofanya. Kwani kuna watu hawakati?"

Hapo ndipo machozi yalinitoka, mbele ya Taban, mbele ya kijana, sikujali. Nikamwambia aongeze kijiko cha tatu, na hicho akiache na kichwa chake.